Jiwe la Mkwe

Mume wangu hakuwahi kumshika mkono mama yangu. Walijuana miaka mingi, watoto wetu walizaliwa wakakua wakatoka nyumbani, na mkono wa huyu haukugusa mkono wa yule hata siku moja. Kwetu Bungoma hilo halimshangazi mtu. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakalii kiti kimoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi ili mwenzake apite. Kulala chini ya paa moja ndiyo usiseme. Mume wangu ni wa upande wa Mlima Elgon, na watu wake nao wana heshima zao za wakwe, lakini alipokuja kuposa wajomba zangu walimkalisha chini wakamfundisha za kwetu moja baada ya nyingine. Yeye ni mtu wa kushika neno. Alizishika zote.

Mimi nina hasira za karibu, na mambo haya yaliniudhi tangu mwanzo. Nilikuwa nikimwambia mama, "Huyu ni kama mtoto wako, si simba." Naye hunijibu kwa utulivu ule ule, "Simba ningemkimbia, ikaisha. Mkwe ni wa kuheshimiwa kila siku." Kisha ataongeza kwamba heshima si utumwa, na mazungumzo yataishia hapo.

Mama aliishi Naitiri, kwenye shamba aliloachiwa na baba. Sisi tulikuwa Kitale, mimi nikifundisha shule ya msingi na mume wangu akifanya useremala kwenye karakana nyuma ya nyumba. Mama alipokuja kututembelea alifika asubuhi na kuondoka mapema, maana kulala hakungewezekana. Kiti chake nilikiweka uani, kando ya tangi la maji. Mume wangu akitoka karakana alisimama mbali, akainamisha kichwa na kusema, "Habari ya nyumbani, mama?" Mama aligeukia upande wa tangi na kujibu, "Nyumbani ni salama, mkwe." Ndiyo ilikuwa salamu, na baada ya hapo kila mtu alirudi kwa shughuli zake.

Sasa mtu anayeinamisha kichwa huona nini? Huona miguu. Siku moja mama alipokuwa ameondoka, mume wangu aliniuliza, "Visigino vya mama, huwa vinamuuma?"

Nikasema sijui. Nilikuwa binti yake, nimekula na kulala naye maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuvitazama.

"Vimepasuka mpaka ndani," akasema. "Akikanyaga anakwepesha upande wa kushoto."

Wiki iliyofuata alikwenda kwao mlimani. Juu ya shamba la baba yake kuna ukingo ambapo njia ya ng'ombe imekata ardhi, na kwenye ukingo huo kuna jiwe la rangi ya majivu, jepesi, lenye vitundu vidogo vidogo, laini kiasi kwamba unaweza kulikata kwa panga. Alirudi na bonge lake ndani ya gunia. Akalikata kwa msumeno wa mbao, akalipunguza mpaka likawa sawa na mche wa sabuni, akalainisha pembe kwa msasa zisije zikakwaruza. Kisha akanipa. "Mpelekee. Usiseme ni mimi."

Nilisema, bila shaka. Mama alilipokea, akaligeuza, akaligusa kwa ncha ya ulimi jinsi wanawake wa kwetu wanavyojaribu mawe ya kula sokoni. Alitema mate. "Hili si la wajawazito," akasema, na tukacheka. Halafu akaomba maji kwenye karai, akaketi, akaanza kusugua. Krr, krr, krr. Maji yakawa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi ya mvua. Alisugua mguu mmoja hadi akaridhika, akaupangusa kwa leso, ndipo akahamia wa pili. Hakuwa na haraka na jambo hilo, na hakuwa na haraka nalo hata siku moja baadaye.

Nyumbani tulizungumza Kibukusu, lakini ujumbe wa mkwe aliutoa kwa Kiswahili, kwa sababu mume wangu si wa lugha yetu na mama hakutaka niyaharibu maneno yake nikitafsiri. "Ambia mkwe miguu imeshukuru," alisema. "Ata viatu ya kanisa sasa inaingia."

Hapo ndipo mawe yalipoanza kusafiri. Kila nilipokwenda Naitiri nilikuwa na jiwe mfukoni au kikapuni, na kila niliporudi nilikuwa na habari ya kazi mpya ambayo mama amelipatia. Alisugua nalo masizi ya sufuria mpaka chuma kikaonekana. Alitoa nalo manyoya ya miguu ya mbuzi iliyochomwa kwa ajili ya supu, pale kisu kinapoacha vinyweleo vyeusi, na akaapa kwamba supu ilikuwa nzuri zaidi. Alitwanga kipande kwenye kinu, akachekecha unga wake, akauchanganya na maharagwe ya mbegu. "Ambia mkwe wadudu imekimbia," akasema. "Si aniletee kubwa kidogo, niweke na ya mahindi."

Mume wangu alisikiliza habari hizi akiwa ameinamia benchi lake la kazi. Jiwe lililofuata lilikuwa kubwa kidogo, na ndani yake alikuwa amechimba bakuli. "La kuku," akasema. "Hawawezi kulipindua, na maji hayapati joto haraka." Mama akarudisha habari kwamba kuku wamekunywa, kisha wakaanza kudonoa ukingo wa bakuli lenyewe, na ng'ombe naye ameshalilamba. Mume wangu akaweka randa yake chini. "Ng'ombe amelilamba?" Kwao ng'ombe hupelekwa kwenye kuta za mlima kulamba chumvi, na alitaka kujua kama alilamba mara moja akaacha au alirudi. Nikamwambia nitamuuliza. Nikamuuliza. Alirudi, alisema mama, alirudi mpaka nikamfukuza kwa fimbo.

Nilikuwa natumwa huku na huko kama karani wao, na kuna siku nilichoka. "Simu mnazo nyote wawili," nilimwambia mume wangu. "Pigianeni." Akanitazama kana kwamba nimemwambia amvue mama kitambaa cha kichwa. Hawakupigiana.

Alimtengenezea jiko, ndani limezungushiwa vipande vya lile jiwe na udongo wa kichuguu, na joto lake lilidumu mpaka asubuhi unakuta majivu yana uvuguvugu. Alimchongea kizibo cha mtungi, na kibao cha kuinulia gunia lisiguse sakafu yenye unyevu. Yeye mwenyewe alilitumia karakana kulainisha kingo za viti na kuziba vitundu vya mbao kwa unga wake kabla ya kupaka vanishi. Mimi nilitoa nalo vijinyuzi kwenye sweta za watoto na kukwangua ugali ulioshika chini. Mama alibeba vipande mpaka soko la Misikhu, ambako alipeleka vitunguu, na kuwagawia wanawake wenzake. Hakuuza hata kimoja. Walipouliza limetoka wapi, alijibu akiangalia pembeni, "Hiyo ni jiwe ya mkwe." Alisema hivyo kwa majivuno ambayo hakuwahi kuyaonyesha juu ya ualimu wangu, na nakiri nilimwonea wivu mume wangu mwenyewe.

Yale yote yalikuwa mambo ya kawaida ya watu wazima. Ningeweza kuyasahau, kama mama asingeugua.

Yalianza na kuvimba. Kwanza ilikuwa miguu, na aliyeiona kwanza ni yule asiyetazama kitu kingine. "Miguu ya mama si yake," aliniambia mume wangu jioni moja baada ya mama kwenda. "Imejaa. Viatu amevifungua." Nilimpigia mama usiku huohuo, akasema ni uzee. Kufikia Pasaka uso ulikuwa umevimba pia, na daktari akasema figo zimechoka. Angehitaji mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, na hiyo ingekuwa kazi ya maisha. Nafasi ilipatikana Kitale. Kutoka Naitiri, mvua za masika zikiwa zimeshika na barabara yao ikiwa ile ninayoijua, mgonjwa asingeweza kwenda na kurudi mara mbili kila wiki. Lazima akae kwetu. Akikosa mashine, alisema daktari bila kuficha, hatakaa muda.

Mume wangu hakungoja niseme. Alikwenda mlimani na lori la rafiki yake, akarudi na mawe, yale yale, safari hii ya kujengea. Jiwe hilo likiwa bado na unyevu wa ardhini hukatika kama sabuni, na likikaa juani hukaza. Alikata matofali kwa msumeno uani kwetu, akapandisha kuta tatu za chumba, na kwa ukuta wa nne akatumia ubavu wa nyumba yetu. Mlango aliufungulia upande mwingine kabisa, ili mama asione mlango wetu wala sisi wake. Dirisha alilielekeza mlimani. Mabati alitandaza yakaungana na ya nyumba, kazi safi, isiyovuja. Aliona kwamba mlango ukiwa mbali, heshima imetimia. Mimi pia niliona hivyo.

Mama alitoka hospitalini siku ya kwanza ya mashine akiwa hana nguvu ya kushika mkoba. Nilimshika kiuno mpaka uani. Alisimama mbele ya kile chumba kipya. Aliusifu mlango. Aliligusa jiwe la ukuta kwa kiganja na kutabasamu, maana alilijua. Kisha akainua macho juu, akayafuata mabati kutoka mwisho wa chumba mpaka mwisho wa nyumba yetu, polepole, na lile tabasamu likaisha.

"Hii mabati ni moja," akasema.

Nikamwambia mlango ni wako peke yako.

"Mlango ni mbili. Paa ni moja." Akageuka, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote kando ya tangi, mkoba mapajani, kama mgeni anayengoja kusindikizwa.

Nilimbembeleza. Nilimweleza habari za daktari. Wingu lilikuwa limekusanyika, na matone ya kwanza yakaanguka juu ya kitambaa chake, naye hakunyanyuka. Mwishowe jirani yetu, mjane wa kanisa letu, alikuja akamchukua akalale kwake. Asubuhi nilimkuta mama amejifunga leso, amevaa viatu, anataka gari la kurudi Naitiri.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilisimama kwenye baraza la jirani nikapaza sauti, na sikujali nani anasikia. "Mama, unataka kufa kwa sababu ya mabati?"

Hakukasirika. Nadhani ningevumilia zaidi kama angekasirika. "Kufa nitakufa tu, mwanangu," alisema, kwa Kiswahili, na kwa sauti ambayo ilivuka ua. Nilielewa kwamba hakuwa akiniambia mimi peke yangu. "Lakini siwezi lala na mkwe kwa nyumba moja. Huyo mtu amenipea heshima miaka yote. Sasa nimwondolee yake nikiwa mgonjwa? Watu watasema mkwe wake alikuwa nani?"

Msumeno ulikuwa ukilia karakana. Ukanyamaza.

Nilikaa chini nikalia. Niliogopa. Nilijua mama akipanda gari lile, nitakayempokea tena ni maiti, na nilimchukia kila mjomba aliyewahi kufundisha mtu mila. Mwacha mila ni mtumwa, husema watu, na asubuhi ile nilimwona mama ndiye mtumwa wa yake. Nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa juu ya paa letu, anang'oa misumari.

Alishusha mabati ya kile chumba yote. Kisha akachukua msumeno wa mbao, ule mkubwa, akauweka juu ya ukuta, hatua moja kutoka ubavu wa nyumba yetu, akaanza kukata kwenda chini. Ukuta wa tofali la kuchoma au wa zege asingeweza kuufanya hivyo. Angehitaji nyundo na siku nyingi. Lile jiwe lilikuwa halijakaza. Msumeno ulizama ndani yake, unga mweupe ukamwagika juu ya miguu yake, akakata upande mmoja mpaka chini, akahamia wa pili. Vipande alivyotoa alivipanga upya, akainua navyo ukuta wa nne, ukiutazama wa nyumba yetu bila kuugusa. Pale palipokuwa na upungufu alikwenda kuvunja benchi la mawe alilokuwa amejitengenezea nje ya karakana.

Mama alikuwa bado kwenye baraza la jirani, viatu miguuni. Aliniuliza mkwe anafanya nini. Nikamwambia, tazama mwenyewe. Alitazama, kwa mara ya kwanza nadhani, kwa sababu mtu aliyepanda juu ya ukuta na kuwapa watu mgongo unaweza kumtazama bila dhambi. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa vumbi la jiwe, amezeeka kwa siku moja. Mama alitazama muda mrefu. Baadaye akainama, akafungua viatu.

Alilala kwa jirani mpaka chumba kikaisha, na siku za mashine nilimpeleka kutoka hapo. Chumba kilikuwa kimepungua, kitanda na kiti na basi. Mabati yaliishia kwenye ukuta mpya, na kati yake na nyumba yetu kulikuwa na nafasi ambayo mtu anaweza kupita kwa ubavu. Mama alikuja, akaikagua, lakini hakuingia. Aliketi kando ya tangi na kungoja. Nilijua anangoja nini, na ingawa nilitaka kumvuta kwa mkono, nilimwacha akae. Mvua ya Kitale haichelewi. Ilikuja alasiri, ikapiga nyumba yetu, ikapiga chumba chake, na katikati ikaanguka moja kwa moja mpaka chini, ikachimba mfereji mdogo kwenye udongo.

"Sasa ni nyumba mbili," mama alisema. Akainuka, akaingia kwake.

Aliishi mle zaidi ya mwaka. Mvua ikapita kati yetu, na jua likapita, na kuku pia. Mume wangu hakukanyaga kizingiti cha chumba kile, ingawa kila jiwe lake lilipita mikononi mwake. Chakula nilipeleka mimi. Wakati wa jioni, mama akiwa na nguvu, alisugua miguu. Ugonjwa wa figo hukausha ngozi na kuiwasha, na muuguzi alimruhusu jiwe kwa sharti asijichubue. Sisi tukiwa mezani tulisikia kutoka ng'ambo ya ile nafasi: krr, krr, krr, pumziko, krr, krr. Kwenye pumziko mume wangu alikuwa akiacha kutafuna. Sauti ikianza tena, anaendelea kula.

Siku za mashine aliporudi amechoka, hapakuwa na sauti. Mume wangu hakuuliza kitu siku hizo, ila alikula kidogo. Ikafika wakati siku za kimya zikazidi zile nyingine, na mama akawa hawezi kuisugua miguu yake, mkono haufiki. Nikaanza kumsugua mimi. Nilidhani nitamfariji na mume wangu pia, asikie. Niliporudi ndani aliniambia, "Hiyo haikuwa yeye."

"Umejuaje?"

"Wewe una haraka."

Kesho yake nilijaribu kwenda taratibu, mguu mmoja kwanza mpaka mwisho, kisha wa pili. Lile jiwe, la kwanza kabisa, la ukubwa wa mche wa sabuni, lilikuwa limelika upande mmoja likafanya bonde la mviringo, na kisigino cha mama kiliingia humo kama yai ndani ya kiota. Nilisugua nikimtazama usoni. Ndipo nilipoyasema yale ambayo binti wa kwetu hasemi kwa mama yake, kwamba nampenda na naogopa. Alinipiga kidogo kichwani kwa kiganja. Kisha akasema ujumbe wa mwisho ambao nilibeba katika ile kazi yangu ya ukarani. "Ambia mkwe hii nyumba haina baridi. Ambia yeye nimelala vizuri."

Nilimwambia. Akatoka nje, akasimama kwenye ile nafasi, na sijui alikaa huko muda gani.

Mama alifia hospitalini, mchana, kwenye kitanda cha kando ya mashine, mkono wake ndani ya wangu. Tulimzika Naitiri, pembeni mwa baba. Mume wangu alipeleka blanketi la mkwe kama inavyotakiwa, kaka yangu akalipokea kwa niaba ya familia. Watu walipopanga mstari kumtazama mama mara ya mwisho, yeye alibaki kwenye viti vya nyuma, kichwa chini, kwa sababu mkwe hafanyi hivyo. Binamu zangu wa mjini walinong'ona kwamba ni mtu mgumu. Nilitaka kuwarukia, mimi, niliyeyaita mambo yote haya upuuzi. Niliwaambia, "Nyamazeni, hamjui lolote," wakanyamaza.

Tuliporudi Kitale chumba kilikaa kimefungwa. Nilikuwa nimebeba nguo za mama kwenda nazo Naitiri kwa ajili ya kugawa, lakini vitu vidogo vidogo vilibaki: karai, kiti, jiwe dirishani. Sikuwa na moyo wa kuvigusa, na mume wangu hakuvitaja.

Jioni moja nilikuwa uani naanua nguo kabla ya mvua. Nikasikia: krr, krr, krr.

Nilijua mama yuko chini ya udongo wa Naitiri, nimeutupa mimi kwa mkono wangu, na bado masikio yangu yalisema ni yeye, kwa sababu sauti ile haikuwa na haraka. Ikatulia. Ikaanza tena. Niliipita ile nafasi kwa ubavu, nguo zote kifuani, mpaka kwenye dirisha lake.

Mume wangu alikuwa ndani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama, karai lenye maji miguuni, na lile jiwe la kwanza katika mkono wa kushoto. Kiganja chake cha kulia, kile kigumu cha seremala, alikuwa amekiweka ndani ya bonde la kisigino, nacho kiliingia mle chote. Alikuwa akikizungusha polepole, anapumzika, anakizungusha tena. Maji yalikuwa meupe. Alikuwa analia bila kujifuta, na kichwa chake kilikuwa kimeinuka, anatazama mbele, pale ambapo uso wa mtu aliyekaa kitandani ungekuwa.

Matone yakaanza kuanguka. Sikuingia. Nilisimama pale katikati mvua inapopita, nguo zikilowa mikononi, nikamngoja amalize kumsalimia mama yangu.